Baruti ya Bega la Mke Wangu

Mama mkwe wangu alikuja Minnesota kwa sababu ya bega. Mke wangu ni msaidizi wa wauguzi katika hospitali moja ya Saint Paul, na siku moja akiwa anamgeuza mgonjwa mzito kitandani alisikia kitu kikikatika ndani ya bega lake la kulia. Walimpasua theluji ilipokuwa inaanza kuyeyuka. Nyasi zilipoota, mama yake alikuwa ameshafika kwetu Brooklyn Park kutoka Nandi, na chupa ya mafuta ya kuchulia na amri kwamba binti yake asiinue hata sufuria.

Lakini swali la mke wangu kwa daktari halikuwa la sufuria. Alimwuliza kama Novemba ataweza kupiga bunduki.

Daktari yule alikuwa mwindaji pia, kama walivyo wengi huku, kwa hiyo hakushangaa. Alimwambia, "Ikikupiga kama jirani anayebisha hodi, sawa. Ikikupiga kama punda, hapana. Na ukiliumiza tena hilo bega, sahau bunduki kabisa."

Mke wangu alirudi nyumbani akaniambia hayo akiwa amesimama mlangoni, koti bado mwilini. Kisha akasema, "Kwa hiyo ni kazi yako. Nitafutie jirani."

Watu wa kwetu wakisikia kwamba mke wangu anawinda, hucheka kwanza, halafu huuliza kama mimi ninapika. Ninapika, ndiyo. Aliyetuingiza katika uwindaji ni kaka yake, shemeji yangu, dereva wa lori anayeishi Coon Rapids. Alitupeleka kwenye mafunzo ya usalama wa bunduki, akampa dada yake bunduki yake ya zamani yenye kitako cha mbao, na Novemba ya kwanza akatupeleka kaskazini, tukavaa makoti ya rangi ya chungwa kama watengenezaji barabara. Nilidhani mke wangu angechoka na baridi kabla ya jua kuchomoza. Alikaa chini ya msonobari mpaka mchana bila kusema neno. Alipotoka msituni aliniambia kwamba tangu aanze kazi ya hospitali, hiyo ndiyo siku ya kwanza ambayo hakuna kengele iliyomwita.

Kwangu mimi kulikuwa na jambo lingine. Nimekuwa mtu wa kuhama. Nilitoka Taita baada ya kidato cha nne, nikakaa Mombasa, nikavuka kwenda Tanga, nikaenda Doha kuendesha mabasi, na kila mahali nilianza kuukumbuka mji nilioacha kabla ya kuufahamu ule niliofika. Huku nako, ninapowaendesha wagonjwa kwenda kusafishwa damu, macho yangu husoma vibao vya barabara zinazotoka nje ya jimbo. Ni ule msitu wa kaskazini tu ambao, tukitoka, ninauwazia mwaka unaofuata. Mke wangu analijua hilo. Hajawahi kulisema kwa maneno mengi. Akiona nimeanza kutazama nyumba za miji mingine kwenye simu, huniuliza tu, "Huko kuna kulungu?"

Kwa hiyo nilikwenda kwa shemeji. Yeye hujijazia risasi mwenyewe. Huokota maganda ya shaba yaliyokwisha kupigwa, huyasafisha, huyarudishia umbo, huyatia fataki mpya ya kuwashia, huyapimia baruti, kisha hukandamiza kichwa cha risasi juu yake. Madukani risasi laini za bunduki ile hazikuwapo. Zilizokuwapo zote zilikuwa punda.

Nilimweleza shida. Nikamwambia na ufumbuzi nilioufikiria njiani: tuchukue baruti ileile tunayotumia siku zote, tuipunguze. Nusu baruti, nusu teke.

Alinitazama kama mtu aliyetiliwa chumvi kwenye chai.

"Shem, wewe unapika wali?"

"Napika."

"Ukipunguza moto nusu, wali unaiva nusu?"

"Unaharibika."

"Basi unajua. Usiniletee mambo ya kupunguza."

Aliniambia niketi, akafungua kitabu cha vipimo, ambacho kwake husimama karibu na Biblia na kinaonekana kufunguliwa zaidi. Alinieleza kwamba baruti zote si moja. Ziko zinazoungua haraka na ziko zinazoungua polepole, na ile tuliyozoea ni ya polepole, imetengenezewa ganda lililojaa na kichwa kizito. Ukiitia kidogo mno, haiwi mpole. Inakuwa kigeugeu. Mara kichwa cha risasi kinakwama ndani ya mtutu, mara nguvu inaruka juu ghafla kuliko kama ungejaza ganda zima. "Na uso wa dada yangu uko hapa," alisema, akaweka kiganja karibu na shavu. "Kwa hiyo hatupunguzi. Tunachagua nyingine. Kama kitabu hakina, hatufanyi."

Nilielewa kwa njia yangu. Kwetu milimani mama hakuwa na kuni tu. Alikuwa na kuni za chai na kuni za maharagwe. Vijiti vikavu vya kuchemsha maji upesi kabla hatujaenda shule, na magogo mazito ya kukaa mchana kutwa chini ya chungu cha kimanga, mihogo na maharagwe ya kupondwa. Dada yangu aliwahi kuchanganya, akaweka vijiti chini ya maharagwe, akashinda anapuliza mpaka macho yakavimba. Nilimsimulia shemeji hayo. Alifikiri kidogo akasema mama yangu angeweza kuandika kile kitabu, tena kwa maneno machache.

Basi tukaanza kutafuta kuni za bega.

Tulipata kwanza baruti ya haraka sana, iliyosifiwa na mtu mmoja dukani. Kitabu kilikuwa na kipimo chake, na kipimo chenyewe kilikuwa kidogo hivi kwamba kilikaa chini kabisa ya ganda, kama sukari iliyobaki kikombeni. Shemeji alimulika tochi ndani ya ganda moja, kisha lingine alilolijaza mara mbili makusudi anionyeshe, kabla ya kulimwaga. Kwa kutupia jicho tu, sikuona tofauti.

"Siku umechoka," aliniuliza, "siku umetoka shifti ya alfajiri, utajua kama umetia mara moja au mara mbili?"

Nilisema labda.

"Labda ni jina la marehemu."

Tukaiacha. Ya pili ilijaza ganda vizuri, na kule kwenye uwanja wa shabaha ilipiga kwa upole wa kutia raha. Ilikuwa Agosti, joto la kuvua shati. Nilikuwa tayari kumpigia mke wangu simu. Lakini shemeji alichukua risasi zilizobaki akazilaza usiku kucha ndani ya friza yake, pembeni ya mfuko wa sukuma wiki, na asubuhi akazibeba kwenye sanduku la barafu mpaka uwanjani. Zilipopigwa zikiwa baridi zilidondoka chini ya alama, nyingine hapa nyingine pale. Kuna baruti zinazojali baridi na kuna zisizojali sana, na sisi tunawinda Novemba ya Minnesota. Risasi inayopenda Agosti huku haina kazi. Nilikumbuka jinsi mimi mwenyewe nilivyofika hapa Januari na koti la Doha, nikaisamehe.

Ya tatu ndiyo ilikuwa yenyewe. Ilikuwa na punje fupi zilizotiririka kwenye kipimo bila kukwama. Ilijaza ganda kiasi kwamba ukitia mara mbili ingefurika mezani. Kitabu kilikuwa na vipimo vyake vya upole, pamoja na kichwa chepesi kinachomtosha kulungu wa karibu. Na ilipotoka kwenye friza ilipiga palepale ilipopiga juani. Tulianzia kipimo cha chini kilichoandikwa na hatukuwa na haja ya kwenda mbali.

Septemba mke wangu alikuja uwanjani. Daktari alikuwa amemruhusu. Mama yake alikuja pia, akaketi ndani ya gari, vioo vimefungwa, vizuia kelele juu ya kilemba, akitutazama kama mtu anayetazama watoto wakicheza karibu na kisima. Mke wangu akaegemeza kitako begani, akavuta pumzi, akapiga. Akakaa. Sisi wawili tukasubiri.

"Hodi," alisema.

Shemeji alinigonga mgongo mpaka nikakohoa. Kopo la baruti ile lilikuwa limebaki nusu, na mazoezi ya wiki zilizofuata yalimaliza karibu risasi zote tulizojaza. Madukani ilikuwa imekwisha. Nilizunguka kutoka Coon Rapids mpaka Saint Paul, rafu zilikuwa wazi, kila mtu akijiandaa kwa msimu. Nilimwuliza shemeji kama anayo ya akiba.

"Ningekuwa nayo ningekupa," alisema, huku akifuta meza ambayo haikuwa na vumbi.

Haikuwa shida. Nusu kopo ilitutosha na kubaki. Nililiweka kwenye rafu ya chumba cha chini, mbali na moto wa kupashia maji, karibu na kopo la ile baruti yetu ya zamani ya polepole, nayo imebaki nusu. Nikapanga kujaza juma moja kabla ya msimu.

Siku hiyo ilipofika nilishuka mapema alasiri. Nilipanga maganda, nikaweka mizani, nikaweka kopo moja tu mezani kama shemeji alivyonifundisha. Lilionekana zito kuliko nilivyolikumbuka. Nikajiambia mtu huzeeka. Nilimimina baruti kwenye kipimo, na kabla ya kutia ganda la kwanza nikapanda juu kuchukua chai, maana mama mkwe alikuwa ameniita, na mama mkwe akiita chai hungoji aite tena.

Dirishani jikoni palikuwa na kopo. Plastiki nzito, kifuniko cha kuzunguka, limeoshwa likang'aa. Ndani yake mlikuwa na wimbi aliyonunua duka la Waafrika, limejaa mpaka shingoni. Karatasi ya nje alikuwa hajaibandua. Ilikuwa ya baruti yetu ya polepole.

Nilishika kikombe bila kunywa.

"Mama," nilimwuliza, "hili kopo umelitoa wapi?"

"Huko chini, siku ya kufua," alisema kwa furaha. "Baba, nyinyi watu wa huku mnatupa vitu vizuri. Nimeona makopo mawili, kila moja nusu, vitu vyeusi vilevile. Nikaunganisha. Sasa hata rafu imepata nafasi."

Mtu aliyelelewa kwetu hawezi kumlaumu kwa hilo. Nani nyumbani kwao hajafungua kopo la siagi akakuta nyuzi na sindano? Mama yangu alihifadhi chumvi kwenye kopo la maziwa ya mtoto mpaka huyo mtoto akaota ndevu. Makopo mawili yenye nusu nusu ni uvivu wa mtu, na mwanamke mwenye nyumba huurekebisha. Tena mimi ndiye niliyeyaacha kwenye rafu isiyo na kufuli.

Ila mle chini, kwenye kopo lenye jina la baruti ya upole, sasa kulikuwa na kitu ambacho hakuna kitabu duniani chenye ukurasa wake. Na ningekitia ndani ya maganda. Zile punje nilikuwa nimeziona kwa macho yangu zikimiminika, fupi na ndefu pamoja, na sikuziona, kwa sababu mtu haangalii kile anachoamini anakijua. Kisha mke wangu angeegemeza shavu.

Sikumwambia mama mkwe. Yeye ni mkwe. Mimi sikai kochi moja naye, sembuse kumwambia amekosea. Nilimshukuru kwa chai, nikatoka nje, nikampigia simu mtoto wake.

Shemeji alifika akiwa bado na fulana yake ya kazi. Alishuka chini, akamwaga kidogo kwenye karatasi nyeupe, akaitandaza kwa kidole. Alianza kucheka, kisha cheko likamwisha. Akapanda juu, akakaa kando ya mama yake na kumweleza kwa Kinandi, taratibu. Mimi na mke wangu, aliyekuwa ameamka kutoka usingizi wa shifti ya usiku, tulisimama kwenye ngazi.

Mama alilitazama kopo dirishani. Halafu akasema kwa Kiswahili, ili nami nisikie, "Kwa hiyo nimepanda ndege kuja kutibu bega, halafu nimletee kichwa chake madhara."

"Mama, hakuna kilichotokea," nilisema. "Nililiona kopo. Ungelificha kabatini nisingejua. Uliliweka mahali pa kuonekana."

"Niliweka nilitazame."

"Basi asante kwa kulitazama."

Hakutabasamu. Alimgeukia mwanawe. "Hiyo nzuri iliyoharibika, inapatikana?"

"Madukani imekwisha, Mama."

"Sikuuliza madukani. Wewe unayo?"

Shemeji alikuna sikio. "Kuna moja niliiweka ya mwaka ujao—"

"Unayo au huna?"

"Ninayo."

Kutoka kwenye ngazi mke wangu alipiga kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu apasuliwe. "Ningekuwa nayo ningekupa," alisema, akiiga sauti ya kaka yake kama nilivyomsimulia, hata na mkono wa kufuta meza.

"Nenda ukalete," mama alisema. "Na usile kitu njiani."

Alileta kopo jipya, muhuri haujavunjwa. Hata hivyo hatukurudia tu kipimo chetu cha zamani. Ilikuwa baruti ya jina lilelile lakini ya toleo jingine la kiwandani, na hizo huweza kutofautiana kidogo, kwa hiyo tulianza tena kipimo cha chini cha kitabu na kupanda kwa subira. Siku mbili kabla ya msimu tulikuwa uwanjani, maziwa yameanza kuganda pembeni, hakuna haja ya friza. Risasi zilienda mahali pake. Mke wangu alipiga chache tu, na kila moja ikambishia hodi.

Ule mchanganyiko mama hakukubali mtu mwingine autupe. Shemeji alimweleza kwamba hutawanywa nyembamba kwenye nyasi, kwamba ardhi huila. Akavaa glavu za mke wangu za hospitali, akatoka nyuma ya nyumba, akautupa kwa mkono akirudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, hasa kama mtu anavyopanda wimbi. Jirani wetu mmoja alisimama na mbwa wake kumtazama. Alimpungia mkono, mama naye akampungia, punje nyeusi zikimtoka kwenye vidole.

Tulienda kaskazini Jumamosi. Kulungu alitokea baada ya jua kupanda, jike mnono, akatembea kwenye majani makavu kana kwamba msitu ni wake, na kwa kweli ni wake. Mke wangu alingoja mpaka akasimama ubavu. Mlio wa ile risasi ulikuwa mdogo kiasi kwamba kunguru mmoja hakuruka. Kulungu alipiga hatua chache akalala. Mke wangu alibaki ameketi chini ya msonobari wake, bunduki magotini, na sikumsogelea upesi. Niliona anazungusha bega polepole, mbele, nyuma, kama mtu anayejaribu mlango uliokuwa umekwama.

Usiku ule, nyama ikiwa kwenye friza na maini jikoni, mama alimkalisha binti yake kwenye kigoda, akafungua chupa ya mafuta, akamfunua bega. Hapakuwa na alama, si nyekundu wala buluu. Alilikanda kwa dole gumba, hapa, na hapa, na palepale waliposhona.

"Panauma?"

"Hapaumi, Mama."

Alikanda tena, kwa nguvu zaidi, kama asiyeamini. Mke wangu alikuwa amefumba macho. Mimi nilikuwa nageuza maini, simu yangu iko mezani, na nilitambua kwamba sijatazama nyumba za mji wowote tangu Agosti.

"Mkwe wangu," mama aliniita bila kugeuka.

"Naam, Mama."

"Lile kopo jipya, nalo likiisha, mtalifanyia nini?"

"Ni lako," nilisema.